Somo: Kujiandaa na mbio za milimani za kiangazi ukiwa Kigoma, kwa miguu na kwa baiskeli

Habari zenu ndugu. Mwakeye kwa walioko Kasulu na Buhigwe.

Mwaka juzi niliingia mbio za milimani za kilomita 30 nikiwa na pumzi ya kutosha. Nilikuwa nimepiga baiskeli miezi mitano mfululizo. Kilima cha kwanza nikawapita watu, cha pili vilevile. Tulipoanza mteremko mrefu wa mwisho mapaja yakaanza kutetemeka, halafu yakagoma kabisa. Wale niliowaacha juu wakanipita mmoja mmoja, akiwemo baba mmoja wa makamo aliyekuwa anashuka kwa hatua fupi fupi kana kwamba anawahi sokoni. Siku tatu baadaye nilikuwa bado nashuka ngazi za dukani kinyumenyume nimeshika ukuta.

Somo hili limetoka hapo. Wengi wetu tunajifunza kupanda tu. Mlima unapandwa kwa mapafu, lakini unashukwa kwa mapaja, na baiskeli itakupa mapafu bila kukupa mapaja ya kushukia.

Sababu ni hii. Unapopanda, msuli wa paja unajikunja na kusukuma. Unaposhuka, msuli huohuo unafanya kazi huku unavutwa. Waangalieni vijana wanaoshusha magunia ya mkaa kwa baiskeli kutoka vijijini: mteremkoni hawapandi, wanaikumbatia baiskeli na kuizuia kwa mwili wote isiwakimbie. Paja lako linafanya kazi hiyohiyo kila mguu unapotua. Kuzuia huko ndiko kunakochana nyuzi za msuli, na maumivu hayaji palepale. Huja kesho yake, na siku ya pili au ya tatu ndiyo yanakuwa makali. Kwenye baiskeli unasukuma tu. Mteremkoni breki ndiyo inayozuia, wewe umekaa.

HATUA YA 1: Ijue njia, halafu hesabu wiki kurudi nyuma

Usiangalie kilomita peke yake. Waulize waandaaji jumla ya mita za kupanda na mita za kushuka. Kule Uswisi kuna mbio za Sierre-Zinal, zinakimbiwa kila Agosti tangu 1974. Ni kilomita 31 tu, lakini zina zaidi ya mita 2,000 za kupanda. Mtu wa barabarani akisikia 31 anadharau.

Kiangazi chetu ni Juni hadi Septemba. Mimi hujipa wiki 16, kwa hiyo mbio za mwisho wa Julai naanza kuziandaa mwanzoni mwa Aprili, mvua zikiwa bado zipo. Hilo lisikutishe. Wiki za mwanzo ni za taratibu, na mvua inapokata mwezi wa Mei, vilima vinakuwa vimekauka wakati ambao unavihitaji.

HATUA YA 2: Panga kwa saa za Kigoma

Ratiba nyingi tunazopata zimeandikwa na watu wa kwingine: "amka, saa 12 asubuhi uwe barabarani." Kigoma saa 12 asubuhi bado giza. Tupo magharibi kabisa mwa nchi na tunatumia saa moja na Dar es Salaam, hivyo jua letu linachomoza karibu na saa 1. Ukitoka gizani kwenye njia ya mawe utavunja kifundo. Upande wa pili tumependelewa: jioni mwanga upo mpaka karibu saa 1 usiku. Mimi nafungua duka saa 2 na nusu, kwa hiyo asubuhi napiga baiskeli kidogo au mbio fupi za lami, na vilima vyote naviweka jioni baada ya saa 11, jua likiwa limelegea juu ya ziwa upande wa Kongo.

HATUA YA 3: Wiki sita za msingi

Baiskeli mara tatu kwa wiki, mbio mara mbili au tatu, siku moja ya kupumzika kabisa. Mwendo ni ule ambao unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatikakatika. Ukishindwa kuongea, punguza. Najua inaudhi, hasa kijana akikupita. Muache apite.

Ongeza kidogo kidogo, na kila wiki ya nne punguza, mwili ujijenge. Hapa ndipo baiskeli inapolipa: unaweza kukaa juu ya siti saa tatu, moyo unafanya kazi muda wote, na magoti hayapigwi na lami hata mara moja. Kwa mtu anayesimama kazini kutwa nzima hiyo ni neema kubwa.

HATUA YA 4: Kupanda

Tafuta kilima kimoja uwe nacho siku zote. Changu kipo upande wa Bangwe, kutoka chini mpaka juu ni dakika 9 za mwendo wa wastani. Panda mara tatu wiki ya kwanza, fika mara sita baadaye. Pale mteremko unaposimama sana, tembea: inama kidogo, viganja juu ya magoti, sukuma. Kwenye mwinuko mkali anayetembea vizuri na anayekimbia hufika karibu pamoja, ila anayekimbia anafika amekwisha.

Katika wiki zangu ngumu kabisa, jumla ya mita ninazopanda kwa wiki nzima huwa inalingana na mita za siku ya mbio.

HATUA YA 5: Kushuka

Someni hapa taratibu.

Mwili una tabia moja nzuri: ukishauonjesha mteremko, safari inayofuata hauumii kama mwanzo, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Kwa hiyo huhitaji kushuka kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, na siku mbili zinazofuata ziwe za baiskeli nyepesi au kupumzika.

Anza na mishuko minne ya dakika mbili mbili, juu unarudi kwa kutembea. Kila wiki ongeza mmoja. Baada ya wiki nane utakuwa na mishuko kumi na kitu, na hapo anza kuiunganisha: badala ya mifupi mingi, mmoja wa dakika 15 au 20.

Namna ya kushuka: hatua fupi, za harakaharaka. Mguu utue chini ya kiuno chako, usiurushe mbele. Ukiurusha mbele unatua na kisigino, goti limenyooka, na pigo lote linapanda mpaka nyonga. Usilalie nyuma kwa hofu. Ukilalia nyuma ndipo unapoteleza, hasa kwenye ule udongo wetu mwekundu wenye vikokoto vinavyoviringika kama gololi. Mikono ipanue kidogo ikusaidie mizani. Macho yaangalie hatua nne au tano mbele.

Halafu sikiliza. Kwenye kilima cha Bangwe jioni kunakuwa kimya, unasikia miguu yako mwenyewe. Ikiwa inasema "pwa, pwa, pwa" kwa uzito, unajipiga. Ikiwa inasema "tsi-tsi-tsi-tsi" kama mtu anayepepeta mchele, hapo umepata. Mimi ilinichukua wiki tano kuisikia sauti ya pili.

Mkitaka kujua thamani ya kushuka, Agosti 2014 mkimbiaji wa milimani Karl Egloff alikwea Kilimanjaro kwa saa 4 na dakika 56. Kwenda na kurudi alitumia saa 6 na dakika 42. Kutoka mita 5,895 mpaka chini, chini ya saa mbili. Bila mapaja ya kuzuia hilo haliwezekani.

HATUA YA 6: Baiskeli kwenye vilima

Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu ni shule kamili. Ni lami, inapanda na kushuka mpaka uchoke, na ukifika Kalinzi kwenye kahawa, hewa yenyewe inakupoza. Nenda Jumamosi mapema na fulana ya kubadilisha.

Kabla ya kuondoka kagua raba za breki na waya zake, siyo ukiwa juu mlimani. Mteremkoni usishikilie breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini: rimu zinapata moto, na tyubu inaweza kupasuka. Kamata, achia, kamata, achia, breki zote mbili, na upunguze mwendo kabla ya kona. Ukikamata breki ya mbele kwa nguvu katikati ya kona yenye mchanga, unalala. Kofia ngumu ni lazima. Malori kwenye kona zile hayana pa kukukwepea.

Ukirudi, funga baiskeli, vaa raba, kimbia dakika 15. Miguu itakuwa kama mbao. Ikizoea siku hiyo, siku ya mbio itakutii.

HATUA YA 7: Kula na kunywa

Zoezi likizidi saa moja na nusu, kula ukiwa njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25. Viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande na kutiwa chumvi kidogo vinanikaa vizuri kuliko chochote cha dukani. Maji kunywa kwa kiu. Kujijaza maji matupu lita kwa lita kunapunguza chumvi ya damu na ni hatari. Kinywaji changu cha siku ndefu ni kile cha kutibu waharishao: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Jioni ugali, dagaa na matembele. Tusitafute mbali.

HATUA YA 8: Wiki mbili za mwisho

Mshuko mrefu wa mwisho uwe siku 12 kabla ya mbio. Baada ya hapo punguza wingi wa mazoezi karibu nusu. Usijaribu raba mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nina Phoenix ya kawaida, haina gia. Inafaa au nisubiri mpaka nipate ya gia?

Jibu: Inafaa sana kaka, usisubiri. Kwenye tambarare ya Kigoma–Ujiji jenga pumzi, kwenye kilima simama juu ya pedeli, ukishindwa sukuma. Ila breki zake za vyuma hazinipi imani kwenye mteremko mrefu, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Shuka na uiongoze kwa mkono. Utakuwa umefanya zoezi la hatua ya 5 pia.

Swali: Nipo Tabora. Huku ni tambarare tupu na joto, mlima nitautoa wapi?

Jibu: Tafuta ngazi. Majukwaa ya uwanja yanafaa ukipata ruhusa. Nyumbani tumia kigoda imara: simama juu kwa mguu mmoja, ushushe mwingine mpaka kisigino kiguse chini ukihesabu mpaka nne. Mara nane kila mguu, mizunguko mitatu, mara mbili kwa wiki. Ile hesabu ya nne ndiyo mteremko wako. Kwa kupanda, piga baiskeli kwa gia nzito dhidi ya upepo.

Swali: Dada yenu wa Ujiji hapa. Ramadhani ikiangukia kwenye mazoezi tunafanyaje?

Jibu: Dada yangu, mazoezi mepesi weka kama dakika 40 kabla ya futari, ili ukimaliza unafungua. Zoezi gumu, kama lipo, liwe baada ya futari nyepesi, na uwe na wenzako. Safari ndefu za baiskeli ukiwa umefunga acha. Mwezi huo uwe wa kulinda ulichonacho, kuongeza kutafuata baada ya Idi.

Swali: Goti linauma kwa mbele nikishuka, nikipanda haliumi. Niendelee?

Jibu: Simamisha mishuko wiki moja au mbili, baiskeli nyepesi endelea nayo kama haliumi, siti isiwe chini sana. Fanya kigoda nilichomweleza wa Tabora, anza na kimo kifupi. Likivimba, likijifunga au likikuamsha usiku, nenda hospitali.

Swali: Nilipata malaria, nimemaliza dawa jana. Mbio zipo baada ya wiki tatu. Naweza kuanza leo?

Jibu: Hapana mkuu. Kwanza homa iwe imeisha kabisa na hamu ya kula imerudi. Halafu wiki nzima ya kutembea na baiskeli ya taratibu. Kilima baadaye. Ukiona moyo unadunda isivyo kawaida kwa kupanda kidogo tu, malaria huwa inakula damu. Kapime wingi wake. Na mbio hizi zikikupita, zitakuja nyingine.

Swali: Bingwa wa dunia wa marathoni wa 2025, Alphonce Simbu, ni mtoto wa Singida, kwenye mwinuko. Sisi tupo ziwani mita 770 na ushee. Mbio zikiwa juu ya mita 2,000 si tutaaibika?

Jibu: Hewa ya juu ni nyepesi kweli, mita 2,500 shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya la pwani. Ukiweza, nenda siku kumi au wiki mbili kabla. Usipoweza, fanya kama mimi: anza polepole kuliko unavyojisikia, nusu saa ya kwanza hasa.

Swali: Baada ya mshuko naruhusiwa kuloweka miguu ziwani?

Jibu: Maji ya baridi yanatuliza, lakini kichocho kipo ziwani, hasa kwenye majani na maji yaliyotulia. Mimi nachota maji yangu ya bomba kwenye beseni.

Swali: Jumapili mnaanzia wapi, nije?

Jibu: Karibu sana. Mwandiga, njia panda ya Manyovu, saa 1 kamili asubuhi. Njoo na tyubu ya akiba na pampu, yangu imetoboka.