Jinsi ya kuelezea sauti zinazokwaruza kooni bila kuandika "sauti nzito" kila mara

Wadau mnaoandika simulizi na skripti za redio, na nyie mnaonukuu mahojiano kama mimi hapa Dodoma, leo tupitie hiki kitu maana nakikuta sana kwenye kazi za vijana. Mtu kasikia mkwaruzo kwenye rekodi, anaandika "kwa sauti nzito", anasonga mbele. Nzito ni besi, sauti ya chini. Kuna watu wana besi na haikwaruzi hata kidogo, na kuna mabinti wana sauti nyembamba kabisa lakini inakwaruza kama msasa.

Hatua ya 1: ni sauti ya mtu au ya lugha?
Sikiliza dakika mbili hivi kabla hujaandika chochote. Mkwaruzo ukiwepo mwanzo mwisho, kwenye kila irabu, hilo ni koo la mtu. Ukitokea kwenye maneno fulani tu halafu ukapotea, hiyo ni konsonanti, ndivyo lugha yake inavyotamkwa, na hapo usimwandike kana kwamba kakasirika au anaumwa, unamwonea.

Hatua ya 2: kama ni ya mtu, tafuta inaharibikia wapi
Chukua konda wa daladala pale Sabasaba jioni, kashinda anaita abiria kwenye upepo na vumbi. Msikilize anavyoita mtaa anakoelekea, "Nkuhunguuu": mwanzo unatoka, katikati sauti inapasuka, zile u za mwisho ni hewa tupu. Huyo sauti imempwea, au kama tunavyosema wengi, imemkauka. Mzee aliyetoka kuamka ni kitu kingine, yeye sauti inakoroma, hasa mwishoni mwa sentensi pumzi ikipungua, unasikia kabisa nyuzi sauti zinagonga taratibu mojamoja. Mwenye hasira anaongea kama koo limekabwa. Mwenye kohozi anajikohoza kwanza ndo anaongea.

(Kama ni wewe mwenyewe na sauti imekauka zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usikae unakunywa tangawizi tu.)

Hatua ya 3: kama ni ya lugha, tumia vidole
Weka vidole kooni, tamka "ghali" ukiivuta ile gh, halafu "kheri" kama inavyotamkwa na aliyesoma madrasa. Zote mbili nyuma ya ulimi inasogelea kaakaa laini (ile sehemu laini ya juu, nyuma ya kinywa) bila kuziba, hewa inapita kwa kusuguana, ndo maana zinaitwa vikwamizo. Tofauti ni kwamba gh inatetema kwenye vidole, ni ghuna, kh haitetemi. Huku bara wengi tunasema tu "gali", "luga" na "heri", kwahiyo ukikutana na mtu anazitamka vizuri andika "akiikaza gh", inatosha.

Kuna za ndani zaidi. Wairaqw wa Mbulu wana sauti zinazobanwa kwenye koromeo lenyewe, na kwenye maandishi yao ile isiyo ghuna inaandikwa hh na iliyo ghuna inaandikwa kwa mkwaju, /. Waalagwa wa Kondoa, ambao lugha yao ni ndugu na Kiiraqw, nao wanazo. Hapa sema "akibana koo", ndicho kinachofanyika kweli.

Ila Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro msiwaweke kwenye fungu hili jamani. Zile ni vidoko, ulimi unaziba mbele na nyuma, hewa inafyonzwa, ulimi unaachia ghafla. Mlio unatokea mdomoni, sio kooni, na bado naona watu wanaandika "lugha ya kukoroma".

Hatua ya 4: andika kitendo, hukumu iache
"Sauti mbaya", "lugha kali", hayo hayamsaidii msomaji kusikia chochote. Badala ya "mzee alijibu kwa sauti mbaya nzito", jaribu: "Mzee alijikohoza, akajibu kwa sauti inayokoroma, neno la mwisho likaishia kooni." Vitenzi unavyo vingi: kukwaruza, kukoroma, kukwama, kupasuka, kukatika, kuguna.

Hatua ya 5: jaribu kwa mtu
Msomee sentensi yako mtu ambaye hajasikia rekodi, mwambie aigize hiyo sauti, kisha mchezeshee ile ya kweli. Akiwa ameigiza kitu kingine, badilisha kitenzi kwanza kabla hujaongeza maneno.