Baada ya Harrier, upande nini? Jinsi ya kuchagua gari la kifahari lililotumika

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi hapa Dar es Salaam. Wengi wanaonitafuta hawanunui gari la kwanza. Ni watu ambao tayari wana Harrier au Crown, mambo yamewanyookea kidogo, na sasa wanataka kupanda daraja: Mercedes, BMW, Lexus, Range Rover. Simu imejaa picha, na swali ni moja tu: nichukue ipi?

Kabla ya jibu, jambo moja lieleweke. Gari la kifahari likifika kwetu na miaka minane au tisa, bei yake imeshuka sana. Bei ya spea zake haijashuka. BMW X5 unayoipata leo kwa fedha ya Toyota Vanguard bado inadai shokapu, taa na pedi za breki kwa bei ya gari lililokuwa ghali lilipotoka kiwandani. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Andika gari la sasa linakunyima nini

Chukua karatasi, andika mambo matatu tu. Si "heshima", hiyo kila gari jipya machoni pa majirani huleta kwa mwezi mmoja. Andika vitu vya kushikika: nafasi ya watoto watatu nyuma, kelele barabarani ukienda Dodoma, kiuno kinachouma kwenye foleni, njia ya kwenda nyumbani yenye mashimo. Mteja anayeniambia anataka Mercedes C-Class huku nyumba yake iko ndani kabisa Kigamboni kwenye barabara ya vumbi, huwa namrudisha kwenye karatasi hii. Sedani ya Kijerumani yenye rimu za inchi 18 na tairi nyembamba haitampenda.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi kwanza

Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani au Uingereza, usianze na bei ya muuzaji. TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, ina kikokotoo chake mtandaoni cha magari yaliyotumika. Unaingiza aina, mwaka na injini, kinakupa thamani na kodi. Thamani hiyo ndiyo msingi wa kodi yako, hata kama ankara yako inaonesha umelipa kidogo.

Kodi zinapandana. Chukua gari lenye thamani ya 100 likishafika bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, unafika 125. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000, na asilimia 10 ikizidi cc 2000, nao unakokotolewa juu ya ile 125. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Gari la cc 1991, mfano Mercedes C200, linafika karibu 155. Crown Hybrid ya cc 2493 inafika karibu 162. Hapo tozo ndogondogo bado. Gari likifikisha miaka minane, kuna ushuru wa ziada wa uchakavu, na likipita miaka kumi unapanda tena. Ndiyo maana gari la mwaka wa mbele kidogo, ambalo Japani ni ghali zaidi, mara nyingine linatoka bandarini kwa bei ileile ya kaka yake mzee.

Msomaji wa Kenya ana mlango mwembamba zaidi: gari linalozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii kabisa. Kwake sehemu ya orodha yangu hapa chini inahusu tu magari ambayo tayari yana namba za Kenya.

Hatua ya 3: Gawa fedha mafungu mawili kabla ya kuangalia picha

Ukiwa na milioni 60, usinunue gari la milioni 60. Kwa Toyota na Lexus nashauri ubakize sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Kwa Mjerumani, robo. Kwa Range Rover sina kipimo. Ukiniuliza mimi, inunue kama una gari lingine la kwenda kazini.

Hatua ya 4: Tafuta fundi kabla ya gari

Hii ndiyo hatua watu wanairuka. Mpigie fundi unayemtegemea umuulize ana mashine gani ya kusoma gari unalolitaka. Kile kidude kidogo cha bluetooth kinachochomekwa kwenye gari na kusomwa kwa simu kinasoma hitilafu za injini za jumla tu. Mercedes inataka Xentry, BMW inataka ISTA, Audi na Volkswagen VCDS, Toyota na Lexus Techstream. Fundi mzuri wa Toyota asiye na mashine ya Mercedes atabadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na kila sensa unailipia wewe. Hata betri: kwenye BMW nyingi ukiweka mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo mfumo unaendelea kuichaji kama ile nzee.

Ukishampata, muombe bei za vitu vitano vya gari hilo: taa moja ya mbele, kioo kimoja cha pembeni, shokapu moja ya mbele, pampu ya maji, na huduma ya oili ya giaboksi. Kisha nenda kwenye maduka ya spea Gerezani au Ilala uulize bei hizohizo mwenyewe. Taa na vioo nimeviweka makusudi. Wezi wa mjini wanavijua kuliko wewe. Jumla ya vitu hivyo vitano ikikutoa jasho, umeshapata jibu bila kulipa nauli ya meli.

Hatua ya 5: Chagua injini, nembo iwe baadaye

Watu husema "Mercedes inasumbua" au "BMW ni imara siku hizi". Maneno hayo hayana maana mpaka useme injini ipi na mwaka gani. Mwambie muuzaji akupe namba ya chesisi, fundi wako aisome na kukuambia injini iliyomo.

C-Class ya umbo la W204, iliyotoka 2007 hadi 2014, ndiyo iliyojaa mjini. Nyingi zina injini ya M271, ya aina ya Kompressor au CGI. Ugonjwa wake ni cheni ya taimingi kurefuka na gia za kamshafti, mihimili inayofungua vali, kulika meno. Ukiiwasha asubuhi ikiwa ya baridi, sikiliza sekunde chache za mwanzo: mlio wa kukwaruza kama kopo la misumari linalotikiswa ndio huo. Ugonjwa wa pili wa gari hili ni kifungio cha stelingi cha umeme. Kikifa, unazungusha ufunguo, gari haliitikii lolote, na watu wanaanza kulaumu betri. W205 iliyofuata mwaka 2014, yenye injini ya M274, imetulia zaidi, na kwa anayetaka Mercedes ya kwanza hapo ndipo ninapomwelekeza.

BMW 320i ya umbo la F30, kuanzia 2012, ilianza na injini ya N20. Cheni yake inaongozwa na vipande vya plastiki vinavyokauka na kuvunjika. Plastiki ikianguka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, inaweza kuziba njia ya oili na injini ikafa. Mwaka 2015 ilikuja injini ya B48, ambayo haina ugonjwa huo. Magari mawili yanayofanana kwa sura, moja nakubali, jingine nalikataa mpaka nione risiti ya kazi ya cheni. Kumbuka pia kwamba BMW nyingi zina tairi za runflat, zinazoweza kwenda umbali mfupi bila upepo, na hazina tairi ya akiba. Ukipasukiwa usiku kati ya Chalinze na Morogoro utanikumbuka.

Dizeli za Ulaya ni sura yenye utata. Umbali mrefu zinakula mafuta kidogo, ni kweli. Lakini za Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi, zilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa ya ppm 10 (sehemu 10 kwa milioni), na kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni ppm 50. Juu ya hilo kuna chujio la masizi, DPF, ambalo hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Gari linaloishi kwenye foleni ya Ubungo na Mandela halipati nafasi hiyo. Chujio linajaa, taa inawaka, nguvu inakatika. Kama safari zako ni Masaki na Posta, chukua petroli. Dizeli ya 3.0 TDV6 kwenye Range Rover Sport na Discovery ina sifa mbaya zaidi: kukata krankishafti, mhimili mkuu wa injini. Hapo hutengenezi, unatafuta injini nyingine.

Sasa upande wa Japani, ambao watu wanaudharau kwa sababu tu kila mtu anao. Crown ya 2012 hadi 2018 yenye injini ya haibridi ya 2.5 ni gari la kifahari kamili: kimya, laini, na fundi wake yupo kila mkoa. Ile ya V6 ya 2.5, injini ya 4GR, naikwepa kwa sababu petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuingiza hewa hazioshwi, na masizi yanajijenga juu yake. Kwa Harrier ya haibridi ya 2014 kwenda juu na Lexus RX 450h, kagua kitu kimoja kidogo: tundu la hewa la kupoozea betri ya haibridi, lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu na nywele za mtoto zikiliziba, betri inapata joto na kuchakaa kabla ya wakati. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache.

Na kama ulikuwa na Harrier ya zamani, ile ya 1997 au 2003, tayari ulikuwa na Lexus. Nje ya Japani ilikuwa ikiuzwa kama RX. Kwenda RX ya leo ni kupanda ngazi ileile uliyoizoea.

Hatua ya 6: Kagua gari lenyewe

Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada, ile ya wakaguzi wa mnada wa Japani yenye alama za hali ya gari, na uilinganishe na namba ya chesisi. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inategemea maelezo. R au RA maana yake liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi isiyokuwepo "kwa sababu imepotea" ni jibu pia.

Kwa gari lililo yadi, nenda asubuhi na mapema na ushike boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha kuficha mlio wa baridi. Ondoka, rudi siku nyingine bila kutoa taarifa.

Gari lenye mifuko ya hewa badala ya springi, kama Range Rover na baadhi ya Mercedes za E na S, pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na madigadi jioni, kisha asubuhi. Kona iliyolala usiku ina mfuko unaovuja. Muuzaji atasema ni mfuko mmoja tu. Tatizo ni kwamba kompresa imekuwa ikifanya kazi bila kupumzika kufidia uvujaji, kwa hiyo mara nyingi unanunua mfuko pamoja na kompresa.

Fundi wako anapounganisha mashine, asiishie kuona hakuna hitilafu. Hitilafu hufutwa kwa dakika moja. Aangalie kama gari limemaliza kujipima lenyewe. Likionesha vipimo vingi havijakamilika, kuna mtu amefuta kumbukumbu hivi karibuni.

Redio nayo. Gari la Japani hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 au 95, kwa hiyo stesheni zako nyingi hazipo. Kwenye Toyota unaweka redio nyingine na yule dada anayekukumbusha kadi ya barabara ya kulipia kwa Kijapani unamnyamazisha. Kwenye Mercedes na BMW, skrini imefungamana na kamera na mipangilio ya gari. Usimruhusu mtu wa mapambo ya magari kuing'oa. Kubali menyu ya Kijapani au nunua gari la Uingereza.

Hatua ya 7: Makaratasi

Haraka hapa. Kadi ya gari ilingane na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, muuzaji awe ndiye mwenye jina au awe na mkataba ulioshuhudiwa na wakili. Angalia faini kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari. Uliza kama kadi iko benki kama dhamana, na usilipe hata "ya kushikilia" kabla hujaiona halisi. Kama unafikiria kuuza baada ya miaka miwili, kumbuka soko letu linahesabu herufi ya namba ya usajili, na E ilikuja baada ya D: gari la namba E lililotengenezwa zamani linaweza kuuzika haraka kuliko la namba D lililotengenezwa karibuni. Si haki, lakini ndivyo wanunuzi wanavyofikiri.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini na filta zote hata kama umeonyeshwa kibandiko. Kisha giaboksi. Wauzaji wa BMW na Range Rover watakuambia oili yake ni ya maisha yote. ZF, wanaotengeneza giaboksi yenyewe, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. Kwenye giaboksi hizo nyingi filta imeunganishwa na sampu ya plastiki, vinabadilishwa pamoja, na oili inajazwa kwa kupima joto lake kwa mashine. Fundi anayetaka kumimina kwa makadirio, mshukuru na ulipeleke gari kwa yule uliyempata kwenye hatua ya nne.