Kumwandika mtoro wa Kolosai ukiwa Kengeleni

Waraka wa Paulo kwa Filemoni una aya 25 tu. Unaumaliza kabla chai haijapoa. Mimi umenichukua miaka minne, kwa sababu niliamua kutunga riwaya ya Onesimo, yule mtumwa aliyeachana na bwana wake Filemoni akakutana na Paulo kifungoni. Nimezaliwa Frere Town, Mombasa, karibu na ile kengele iliyoupa mtaa wetu jina la Kengeleni, na nyanya ya nyanya yangu alishushwa hapa kutoka jahazi la watumwa lililokamatwa baharini. Vijana kanisani huniuliza hadithi kama hii huandikwaje. Nawaeleza nifanyavyo mimi.

Tafuta mtu ambaye Biblia imemtaja kisha ikanyamaza. Usianze na Yesu wala Paulo. Maneno yao yamekwisha kuandikwa, na ukiwatungia mengine msomaji atakaa kukukagua badala ya kukusikiliza. Onesimo hasemi hata neno moja. Tunajua ni mtu wa Kolosai, mji uliokuwa chini ya Warumi, jina lake maana yake ni “wa kufaa”, na alirudi pamoja na Tikiko, mjumbe wa Paulo. Tunajua waraka unawasalimu pia Afia, Arkipo na kanisa lililokutana nyumbani kwa Filemoni. Hayo yanakutosha kuanzia.

Kisha chukua daftari. Ukurasa wa kushoto andika yaliyomo katika Maandiko, kwa sura na aya. Wa kulia andika unayoyabuni wewe. Sheria ni moja: kulia kusivunje kushoto. Rasimu yangu ya kwanza ilimfanya Paulo amfiche Onesimo asionekane. Ilikuwa sura tamu, lakini aya ya 14 yasema Paulo hakutaka kutenda neno bila ya shauri la Filemoni. Nikaifuta yote, kurasa kumi na tisa. Nililia kidogo, kisha nikaona kwamba Paulo anayemrudisha mtu ampendaye ni mgumu zaidi kumwandika, na ni wa kweli zaidi.

Ubunifu wenyewe utautoa wapi? Anza kwenu. Huku Pwani neno “mtoro” lina uzito wake. Watumwa waliowakimbia mabwana zao walijificha misheni ya Rabai, mabwana wakaja kuwadai, na mwaka 1889 zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa fidia. Ukisoma hayo, kisha usome Paulo anavyomwambia Filemoni kwamba deni lolote la Onesimo aandikiwe yeye, mwili unasisimka. Hiyo hofu ya kubishiwa hodi usiku ichukue, ni yako. Usichukue mazingira. Utumwa wa Kirumi haukufuata rangi. Mtumwa aliweza kuwa mwalimu, karani, hata tabibu, na bwana akimwacha huru serikali ilitoza asilimia 5 ya thamani yake. Kwa kuwa ngozi haikumtambulisha mtoro, matangazo ya kumsaka yalitaja alama za mwili, na mengine yamehifadhiwa katika karatasi za mafunjo za Misri. Ndipo nikampa Onesimo wangu kovu la kuungua mkononi. Kolosai ilisifika kwa sufu ya rangi ya zambarau, basi nikamwunguza kwenye sufuria ya kutia rangi. Tangu siku hiyo kila akitia mguu sokoni anauficha mkono, na mimi sihitaji tena kumwambia msomaji kwamba anaogopa.

Saa ni neema tuliyopewa sisi. Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza hulazimika kugeuza kila saa ya Biblia. Sisi la. Petro anaposema siku ya Pentekoste kwamba ni saa tatu tu, mama wa Kisauni anajua ni saa tatu, watu hawajamaliza hata kufagia ua. Hata siku kuanza magharibi si jambo geni: wazee wa Pwani wakisema “usiku wa Ijumaa” wanamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa, na Sabato vilevile huingia Ijumaa jua likizama. Jihadhari na moja tu. Walikuwa wakigawa mchana sehemu kumi na mbili, uwe mrefu uwe mfupi, na kule mchana wa kiangazi ni mrefu sana. Saa ya kazi shambani wakati wa mavuno ilikuwa ndefu kuliko saa yetu.

Ukimpandisha mtu wako chomboni, soma Matendo 27, safari ya Paulo baharini, mpaka uikariri. Nilimsomea mzee mmoja, nahodha mstaafu, Mwislamu, barazani kwake Mji wa Kale. Bildi ya kupimia kina, pima za kukihesabu, omo ya mbele ya chombo, tezi ya nyuma: wafasiri wa Biblia yetu walitumia maneno ya bahari hii hii, na hakuna hata moja lililompita. Nilipofika pale walipotupa nanga nne za tezi akaniinulia mkono.

“Ngoja, mwanangu. Za tezi? Basi walitaka omo ibaki imeelekea pwani, kukicha wapande nayo.”

Nikasoma mbele kidogo, ikawa hivyo. Mkalishe mtu kama huyo mbele yako kabla hujaandika dhoruba.

Lakini usimwazime Mrumi jahazi letu. Mimi nilifanya hivyo. Meli zao za mizigo zilikuwa na tanga kubwa la pembe nne, si la pembe tatu, na ziliongozwa kwa makasia mawili ya usukani, moja kila ubavu karibu na tezi. Meli ya Paulo ilibeba watu 276 pamoja na ngano. Na bahari yao ilifungwa majira ya baridi ya kule, kama vyombo vyetu vilivyokuwa vikipumzishwa kusi ikichacha. Ukimsafirisha mtu mwezi Januari, mpe sababu kubwa.

Chakula ni kazi ya jioni moja: pitia rasimu, toa nyanya, mahindi, muhogo, viazi na pilipili. Hakuna aliyevijua huko kabla ya mabara ya Amerika kufikiwa. Weka shayiri, dengu, zeituni, tini, samaki wa chumvi. Kitunguu kiache.

Vyeo vina mtego. Biblia yetu humwita Pilato, gavana wa Kirumi, liwali, na mkuu wa askari mia akida. Msomaji wa Mombasa akisikia liwali anaona kilemba na jambia. Sijayaacha maneno hayo, maana ndiyo tuliyolelewa nayo, ila kila cheo kinapoingia mara ya kwanza namvika mtu wake nguo: fimbo ya mzabibu mkononi mwa akida, viatu vya njumu vikigonga mawe.

Mwisho ulinisumbua kuliko yote, kwa sababu Biblia haisemi Filemoni alijibu nini, na ukurasa wangu wa kushoto ulikuwa mtupu. Nimemwacha Onesimo mlangoni, saa kumi na moja jioni, waraka uko kwa Tikiko. Amekunjua mkono wa kanzu, kovu liko wazi. Tikiko amebisha hodi, na ndani Afia anauliza, “Nani?”