Jinsi ya kutengeneza kidonge cha soli-jeli (kioo kinachotokana na majimaji yanayoganda) cha kunasa formaldehaidi ndani ya nyumba

Fanicha mpya za mbao za kugandisha kwa gundi zinatoa formaldehaidi, gesi yenye madhara, taratibu, na Shirika la Afya Duniani, WHO (2010), wameweka mwisho wa miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo kwa dakika 30. Kiasi kidogo hivyo pua haikusaidii kitu, ndo maana tunatumia kioo chenye vitundu vya nanomita chache tu, gesi inaingia inakutana na kemikali tuliyoificha humo.

Vaa miwani na glavu, fanyia kwenye kabati la kufyonza mvuke. Changanya TEOS (tetraethili othosilikati, majimaji yanayogeuka kuwa kioo) mililita 10, ethanoli 10, maji 3.2 yenye matone machache ya asidi ya hidrokloriki. Usizidishe asidi, inaharibu kemikali utakayoweka baadaye. Mwanzoni TEOS na maji zinagomeana kabisa, unaona mchanganyiko una ukungu, koroga tu, baadaye inakuwa safi ghafla na ukigusa bika utasikia joto, hapo ujue imekubali. Sasa tia kidogo Fluoral-P, ndiyo ile kemikali ya kuficha inayogeuka njano ikikutana na formaldehaidi, mimina kwenye vikasha vidogo vya plastiki.

Kukausha ndo kwenye kazi, na ndo watu wengi wanapoharibu. Funika na parafilmu (utando wa plastiki unaonyumbulika wa maabara), toboa tundu moja au mawili kwa pini, basi, afu acha wiki mbili tatu. Ukiharakisha, juu panakauka kabla ya ndani, maji yaliyobaki kwenye vile vitundu yanavuta kuta zake na kidonge kinapasuka vipande vipande, mimi wa kwanza niliweka karibu na hita nikakuta unga mtupu. Kikiwa tayari kimesinyaa, kimeachana na kuta, ukitikisa kikasha kinagonga kama kokoto. Usikidumbukize kwenye maji, nacho kitapasuka.

Kukitumia ni rahisi: kiweke chumbani, kikipata formaldehaidi kinageuka njano, pima mwanga unaonyonywa karibu na nanomita 415. Rangi hairudi nyuma, inajilimbikiza, kwa hiyo angalia inapanda kwa kasi gani, usiangalie imefikia wapi. Kingine kifungie kwenye chupa safi cha kulinganishia, na ukitengeneza jedwali lako la vipimo (rangi kwa kila kiasi cha gesi) tumia unyevu kama wa chumba unachopima, maana mvuke wa maji nao unagombania vitundu hivyohivyo.