Chini ya Mkono wa Koti: Saa ya Mazoezi kwa Msafiri wa Kikazi

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Leo niko Busia kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kesho Nairobi, baadaye Kigali au Juba. Wateja wangu wengi ni wazee wa Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla hapa kwetu Kampala, na wao humkagua mtu kuanzia viatu hadi saa kabla hawajamkabidhi hati za mzigo. Saa ya mazoezi naihitaji, maana safari hizi ni za kukaa tu: basi la usiku, benchi la mpakani, kiti cha ofisi. Lakini mkononi lazima ionekane saa ya mtu aliyekuja kazini.

Kama bado hujanunua, angalia unene kwanza. Saa nene inakwama kwenye kifungo cha shati na kuinua mkono wa koti, na hapo hakuna mkanda utakaoiokoa. Zipo zenye akrabu za kweli zinazohesabu hatua kimyakimya, kama ScanWatch ya Withings ya Ufaransa na vivomove ya Garmin. Sisi wenye mikono myembamba tulikumbukwa mwaka 2021, zilipotoka Garmin Lily na Fitbit Luxe, ndogo kama bangili.

Ukiwa tayari unayo ile ya kioo cheusi, usiitupe. Ingia kwenye programu yake uchague uso wenye akrabu, mandhari meusi, bila vikatuni wala duara za rangi. Hatua na mapigo ya moyo vibaki kwenye ukurasa wa pili. Kisha badilisha mkanda. Pima kwa rula nafasi ulipoingia ule wa zamani. Saa nyingi ni milimita 18, 20 au 22, na mafundi saa wa katikati ya Kampala wana mikanda ya ngozi ya vipimo hivyo. Vifaa vile vyembamba vya aina ya bangili huwa na vishikizo vyake maalumu, kwa hiyo nenda nacho mkononi ukajaribishe papo hapo. Ngozi ya kahawia ivaliwe na viatu vya kahawia, nyeusi na vyeusi. Kwenye shughuli ya kuvaa gomesi, vazi letu la heshima la wanawake wa Uganda, mimi huweka mkanda wa chuma mwembamba wa rangi ya hereni zangu, kwa sababu gomesi ina mikono mifupi na saa haina pa kujificha.

Mkanda wa mpira usiuache nyumbani. Ngozi na jasho havipatani, basi asubuhi ukitoka kutembea vaa wa mpira, ukirudi uoshe, ukaushe mkono vizuri, ndipo uvae wa ngozi. Wakati wa matembezi ikaze kidogo, upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo. Taa za kijani zilizo mgongoni mwake husoma damu inavyopita chini ya ngozi, na saa inayoning'inia husoma ovyo. Mkutanoni unaweza kuilegeza. Hakuna anayepima moyo wako pale.

Arifa ndizo zitakazokuaibisha kuliko mkanda wowote. Ujumbe wa fedha ya simu ukijitokeza mkononi, jirani yako mezani anasoma umepokea kiasi gani na kutoka kwa nani. Zima arifa zote isipokuwa simu za mtu mmoja au wawili. Kabla ya kuingia kwa mteja, washa Usisumbue, na uzime kile kipengele cha kioo kuwaka ukiinua mkono. Kwetu kutupia saa jicho wakati mzee anazungumza ni kumwambia amalize. Atakuuliza, "Una haraka, mwanangu?" na bei mliyokuwa mkiijadili itakuwa imeganda. Mtetemo wa kukukumbusha usimame nao uzime ofisini, uuwashe ukishapanda basi la Nairobi. Huko unafaa sana, kila gari likisimama unashuka kunyoosha miguu. Kengele ya mtetemo nayo ni nzuri kwa ndege ya alfajiri: unaamka kuiwahi barabara ya Entebbe kabla ya jamu, na uliyelala naye chumba kimoja hajashtuka.

Sasa saa yenyewe. Nairobi na Dar es Salaam wanakwenda sawa na Kampala, lakini Kigali iko nyuma kwa saa moja, na Juba vilevile tangu Februari 2021. Saa ya mazoezi huchukua majira kutoka kwenye simu. Ukishuka Kigali huku Bluetooth imezimwa, simu itabadilika ikipata mtandao, ila mkono utaendelea kusoma Kampala. Washa Bluetooth, fungua programu, subiri zioane, ndipo uite teksi. Kikao cha saa tatu asubuhi Kigali ni saa nne kwetu, na ukimpigia mwenzako wa Kampala afuatilie hati, mtajie saa ya upande gani.

Chaja yake weka kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu kila aina ina ya kwake na duka la mjini mgeni huenda lisiwe nayo. Soketi za Rwanda ni za pini mbili za mviringo, zetu ni tatu bapa, kwa hiyo beba adapta. Ichaji wakati unaoga na kupiga pasi shati.