Kukaa uchi kwa staha Mtwara: anza na ua

Naturizimu, yaani watu wazima kukaa uchi pamoja pasipo jambo la ngono, ina fukwe zake Ufaransa na Ujerumani. Mtwara haina ufukwe wa namna hiyo, na usiende kuubuni pwani ya Msimbati. Ufukwe usio na mtu asubuhi, maji yakitoka hujaa akina mama wanaosaka pweza, na tendo la aibu hadharani ni kosa kisheria. Huku kila kitu ni ua.

Ua wa makuti upite mita 2 kwenda juu, safu mbili, ya nje izibe maungio ya ndani. Kuti bichi hudanganya: likikauka hujikunja na kuacha matundu. Kagua jua linapozama. Simama nje upande wa mashariki, mwenzako apite ndani (amevaa, bado). Ukiona kivuli chake kinakatiza, ongeza kuti hapo. Upande wa kusini funga kamba mara mbili, kusi ikianza haina huruma. Ila hakuna ua unaomzuia mkwezi. Jirani akiwa na minazi, ulizia siku ya kuangua.

Kivuli kiwe cha banda au turubai, si cha mkorosho: sisimizi waitwao maji moto hujenga viota kwenye majani yake na hudondoka. Kaa mbali pia na wanapobangua korosho, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Siku ya kwanza ota jua dakika 10 kila upande, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Oktoba na Februari jua hupita utosini, na makalio ambayo hayajawahi kuliona huungua kabla ya mabega, hata kwa mweusi tii. Mafuta ya nazi hulainisha tu, hayakingi.

Kila mtu akalie kanga yake juu ya mkeka. Kuazimana ni kugawana jasho na fangasi. Kanga ya pili itundikwe karibu na mlango, na komeo liwe la ndani, maana wapo wanaopiga hodi mguu ukiwa tayari umeingia.

Mgeni aambiwe mapema nani watakuwepo. Asiyetaka kuvua abaki na kanga, asihojiwe. Simu ziingie kapuni kabla ya nguo kuvuliwa. Anayekodoa macho au kugusa anavaa na kuondoka papo hapo, hata awe mtani: utani wa maungo hapa haupo.

Ikikaribia saa 12 jioni, vaeni. Mbu wameshaamka.