Namna ya kuomba fedha za utafiti kuhusu unyanyasaji michezoni

Ombi langu la kwanza lilirudi na maoni ambayo sijayasahau. Mhakiki aliona nimetenga fedha za nauli, chai, vocha za simu na kinasa sauti, akauliza: binti akikueleza kwamba kocha wake humbaka, nani atampokea siku hiyo, na mpokeaji huyo atalipwa na nani? Sikuwa na jibu. Wengi wetu huanza kwa kumsaka mfadhili. Mimi siku hizi humweka karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Libane swali

Unyanyasaji michezoni ni bahari. Kuna matusi, viboko, kulazimishwa kukimbia ukiwa umeumia, kuguswaguswa, kubakwa, hata zawadi ya mbio kuishia mfukoni mwa meneja au mume. Agnes Tirop, mkimbiaji wa mbio ndefu wa Kenya, aliuawa mjini Iten Oktoba 2021. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka tu kwenye Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafia hospitalini Eldoret. Misiba kama hii huwafanya watu waandike maombi yenye kichwa kama "Ukatili dhidi ya wanariadha wa kike Afrika Mashariki". Uchungu ni wa haki, ila kwa kichwa hicho mhakiki hajui utaanzia wapi Jumatatu asubuhi.

Jaribu hivi: katika kambi za mbio ndefu za Iten, nani anashika kadi ya benki ya mwanariadha wa kike aliye kati ya miaka 18 na 25, na hutokea nini akitaka kuishika mwenyewe? Hilo linapimika. Kama utafiti wako ni wa kuzuia, taja pia kinga unayoijaribu, kwa mfano kanuni ya kwamba kocha hasafiri peke yake na mwanamichezo mmoja. Kisha linganisha kambi zinazoifuata na zisizoifuata.

Hatua ya 2: Amua utamuuliza nani, na kwa maneno gani

Si lazima uwahoji watoto. Utafiti wa CASES, uliotoka 2021 na kufanyika katika nchi 6 za Ulaya, uliwauliza zaidi ya watu 10,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 kuhusu yaliyowapata michezoni kabla hawajatimiza 18. Mtu mzima anajitolea ridhaa mwenyewe, na mara nyingi ameshatoka mikononi mwa kocha yule. Hasara yake ni kumbukumbu, na pia unapata picha ya jana. Ikiri hasara hiyo kwenye ombi kabla mhakiki hajaitaja.

Usiulize, "Je, umewahi kunyanyaswa kijinsia?" Wengi watasema hapana, kwa sababu jambo lenyewe hawaliiti hivyo. Uliza kitendo: "Je, kocha, daktari wa timu au kiongozi aliwahi kukugusa kwa namna uliyoona si ya mazoezi wala matibabu?" Halafu wape maswali wanariadha wanne au watano wayasome kwa sauti mbele yako. Mimi niliandika "unyanyasaji", wao wakanirudishia "kusumbuliwa". Nikabadilisha dodoso zima.

Hatua ya 3: Mpango wa usalama

Tumia muda mwingi hapa. Siku moja nilikuwa nikimhoji binti chini ya mti, kando ya uwanja wa mazoezi. Kocha alikuja mara mbili na chupa ya chai, mkarimu kwelikweli. Alipoondoka mara ya pili, binti alikuwa na hadithi nyingine kabisa. Tangu hapo hakuna mahojiano ndani ya kambi. Tunakodi chumba mjini na kulipa nauli.

Kwenye ombi, andika haya bila kuzungukazunguka:

- Mshauri nasaha ni nani, na yuko umbali gani. Nchini Kenya kuna pia simu 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, lakini namba peke yake si mpango.
- Siri inaishia wapi. Fomu yangu ya ridhaa husema: "Ukinieleza kwamba kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi, sitaweza kunyamaza. Nitakuambia kwanza nitakayemweleza."
- Utafiti utaitwaje ukiwa uwanjani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2001 kuhusu utafiti wa ukatili wa majumbani inashauri jina lisilomfichua mhojiwa. Wangu uliitwa "Afya na maisha ya wanariadha".

Kisha geuza mpango kuwa pesa. Ukihoji watu 40, na ukakadiria kwamba 8 watahitaji mshauri kwa vikao vitatu kila mmoja, hivyo ni vikao 24. Weka bei ya kikao, nauli, na fungu la wahoji wenyewe, maana nao huota usiku. Kadirio likitoka hewani, sema limetoka hewani na ueleze kwa nini umeliweka juu.

Hatua ya 4: Vibali

Kenya: kwanza kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), halafu ripoti katika ofisi za kaunti. Tanzania mlango ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Tenga miezi, si wiki.

Hatua ya 5: Sasa mfadhili

SVRI (Sexual Violence Research Initiative), yenye makao yake Pretoria, Afrika Kusini, hufadhili utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake na watoto katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Michezo unaiingiza kama mahali ukatili unapotokea. Kituo cha Masomo ya Olimpiki cha Lausanne kina ruzuku za wanafunzi wa uzamivu na wanataaluma chipukizi. Kenya kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ulioundwa kwa sheria ya 2013. Soma tangazo la mwaka husika, usitegemee la mwaka jana.

Shirikisho la mchezo likijitolea kukulipa, usikimbie, ila mkataba useme wazi kwamba haliwezi kuzuia matokeo kuchapishwa wala kuona majina. Likigoma kutia saini kifungu hicho, mimi huaga kwa heshima.

Hatua ya 6: Kabla ya kutuma

Piga kila namba uliyoiandika kwenye mpango wa usalama. Mimi hupiga Ijumaa saa mbili usiku, kwa sababu mahojiano ya Ijumaa jioni ndiyo huacha mtu na wikendi nzima peke yake. Mara ya mwisho namba tatu kati ya tano hazikupokelewa. Nilichelewesha ombi kwa siku nne, nikatafuta nyingine.